Je, Wajua Kwa Nini Ukilipia Intaneti ya Faiba Inarudi Bila Fundi Kufika?

Kifurushi kimeisha saa tatu usiku. Unalipia kwa simu, na muda si mrefu intaneti imerudi, wala hakuna fundi aliyepanda nguzo. Nani amekufungulia, na amefungulia wapi?

Si nguzoni. Waya wa faiba unaoingia kwako, yaani uzi mwembamba unaobeba data kwa mwanga, hauendi peke yake mpaka kwa kampuni. Mtaani, mara nyingi ndani ya kisanduku kilichofungwa juu ya nguzo, kuna kigawanyio kidogo kisichotumia umeme. Uzi mmoja unaingia, zinatoka 32 au 64, kila mmoja na nyumba yake. Kigawanyio hakina swichi. Kazi yake ni kugawa mwanga basi. Udhibiti wote uko kwenye ncha mbili: mtambo wa kituoni na kile kimodemu chenye taa ukutani kwako.

Katika mfumo wa GPON, unaotumika sana majumbani, mwanga wa kushuka, kutoka kituoni kuja kwako, una urefu wa wimbi wa nanomita 1490 na wa kupanda, kutoka kwako kwenda kituoni, 1310, hivyo hupishana ndani ya uzi uleule bila kuingiliana. Data inayoshuka hufika kwa majirani wote wa kigawanyio kimoja. Modemu yako huchukua iliyo yako na kuiacha nyingine, na mfumo una njia ya kuisimba ili jirani asiisome.

Kazi ngumu ni kupandisha data kutoka majumbani. Modemu zote zikimulika kwa pamoja, kituoni kitafika mchanganyiko usiosomeka. Kwa hiyo mtambo hugawa zamu. Hutuma fremu (mafungu ya data) 8,000 kila sekunde, na humo huziagiza modemu lini zianze kumulika na lini zizime. Tena nyumba hazilingani umbali: mwanga ndani ya faiba hutumia takriban maikrosekunde 5 kwa kila kilomita. Mtambo hupima kwanza umbali wa kila modemu, kisha huiambia ichelewe kwa kiasi chake, ili zamu ya wa karibu isikanyage ya wa mbali. Kwangu mimi hili ndilo la kustaajabisha kuliko yote, na linafanyika muda wote bila mtu kuligusa.

Sasa utaona kwa nini kupandisha kifurushi hakuhitaji waya mpya. Uzi huo hubeba karibu gigabiti 2.5 kwa sekunde kushuka na 1.25 kupanda. Mwenye megabiti 10 na mwenye 100 wanaweza kuwa na modemu za aina moja. Tofauti ni namba ya kasi iliyowekwa kwenye mitambo ya kampuni. Malipo yakiingia, mfumo wa malipo huiarifu mitambo hiyo nayo hukufungulia. Ndiyo maana, deni likiwepo, mara nyingi taa ya PON, inayoonyesha kwamba modemu inawasiliana na mtambo wa kituoni, hubaki kijani ingawa hupati kitu.

Taa nyekundu ya LOS ni habari nyingine: mwanga haufiki. Hapo kampuni huweza kujua mengi ikiwa mbali. Umeme ukikatika kwako, modemu nyingi huwa na akiba ndogo inayotosha kutuma ujumbe mmoja wa mwisho kwamba umeme umekwenda. Waya ukikatwa, modemu hunyamaza ghafla bila ujumbe wowote. Aliye ofisini hutofautisha mambo hayo mawili kabla simu yako haijapokelewa.

Huona pia nguvu ya mwanga unaokufikia, kwa kipimo cha dBm. Kwenye -20 uko salama. Ukishuka chini ya -27 modemu ya kawaida huanza kushindwa. Waya uliokunjwa kwa nguvu nyuma ya kabati, au kiungio chenye vumbi, hutosha kukufikisha huko, na kukatika-katika kwa namna hiyo hakuponi kwa kuongeza megabiti. Basi intaneti ikikusumbua, kabla hujakubali kuuziwa kifurushi kikubwa zaidi, piga simu huduma kwa wateja uwaombe wakusomee dBm ya laini yako. Ni namba ambayo kwa kawaida wanaweza kuiona papo hapo, na una haki ya kuiuliza.