Kwa Nini Vifaa Ghali vya Hobi Huuzwa Mtandaoni Vikiwa Bado Vinang'aa

"Kimetumika mara mbili tu. Boksi lipo, risiti ipo, chaja haijafunguliwa. Nauza kwa sababu sina muda." Matangazo ya sura hii yamejaa kwenye masoko ya mtandaoni: kamera, darubini za nyota, magitaa, baiskeli za mbio, droni, mashine za mazoezi ya kukimbia ndani ya nyumba. Anayesoma hujiuliza: mtu aliyetoa fedha nyingi hivyo anauzaje kitu ambacho hata harufu ya dukani haijakitoka? Wengine huamua papo hapo kwamba ni cha wizi au kibovu. Vya namna hiyo vipo, na tutavifikia. Lakini ipo sababu ya kawaida zaidi, nayo haina uhalifu ndani yake. Mnunuzi alilipia kifaa, ila hakuhesabu kile ambacho kifaa nacho kingemdai: saa zake, nafasi nyumbani, ustadi, na vifaa vingine vya kukisindikiza.

Chukua darubini ya nyota. Kwenye boksi pamechapwa sayari yenye rangi na galaksi inayomeremeta. Usiku wa kwanza mwenyewe anabeba mzigo nje. Darubini yenye kioo cha kipenyo cha milimita 200 pamoja na stendi yake inaweza kufika kilo 20 na zaidi. Anatakiwa kusubiri kama nusu saa kioo kipoe kilingane na hewa ya nje, kwa sababu kikiwa bado na joto la chumbani, hewa inayopanda juu yake huifanya picha icheze kama kitu kinachotazamwa juu ya sufuria ya moto. Kidarubini cha kulengea nacho lazima kielekee palepale bomba kubwa linapoelekea. Kazi hiyo hufanywa mchana, kwa kulenga nguzo au mnara wa mbali. Asiyeifanya atahangaika gizani hadi akate tamaa. Akifanikiwa yote hayo, anaikuta galaksi ya Andromeda, na anachokiona ni doa la kijivu.

Hakuna kilichoharibika. Picha ya kwenye boksi ilikusanya mwanga kwa muda mrefu, pengine saa nzima. Jicho haliwezi kufanya hivyo, na kwenye mwanga hafifu halitambui rangi. Mbaya zaidi ni darubini ndogo za milimita 60 zinazotangazwa kukuza mara 525. Kanuni inayotumiwa na watazama nyota ni ukuzaji wa mara 2 kwa kila milimita ya kipenyo, kwa hiyo kioo hicho kikomo chake ni karibu mara 120. Ukizidisha hapo unakuza ukungu. Mwenye kuijua hesabu hii atafurahia mashimo ya mwezi na pete za Zohali kwa miaka. Asiyeijua huona ametapeliwa au hana kipaji, akaiweka sokoni.

Gitaa lina mtego wake. Vidole huuma kwa wiki kadhaa za mwanzo, hilo halikwepeki, lakini magitaa mengi mapya hutoka dukani nyuzi zikiwa juu kuliko inavyofaa. Pima kwenye freti ya 12 (freti ni vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo ya gitaa): kwenye gitaa la nyuzi za chuma, nafasi kati ya uzi mnene na freti ikiwa karibu milimita 2.5, mkono wa mwanafunzi utavumilia. Ikifika 4, kila kodi, yaani nyuzi kadhaa zinazobanwa na kupigwa pamoja, ni mateso. Fundi hurekebisha hilo kwa kazi ndogo ya shingo na daraja. Inasikitisha kwamba watu huacha muziki kwa kasoro ya milimita moja na nusu ambayo hawakuambiwa ipo.

Juu ya hayo yote kuna nguvu ya soda. Siku ya kununua, mtu huipima hamu ya leo akidhani ndiyo atakayokuwa nayo mwaka mzima. Wachumi Conlin, O'Donoghue na Vogelsang walionyesha mwaka 2007, kwa kuchambua oda za nguo za baridi, kwamba kadiri siku ya kuagiza ilivyokuwa ya baridi kali, ndivyo nguo hiyo ilivyoelekea zaidi kurudishwa. Baridi ya siku moja ilikuwa imenunua koti la msimu mzima. Mwaka 2006, DellaVigna na Malmendier walichapisha uchunguzi wao wa klabu 3 za mazoezi Marekani: waliolipa kwa mwezi zaidi ya dola 70 walihudhuria wastani wa mara 4.3 tu, hivyo kila ziara iliwagharimu zaidi ya dola 17, ilhali wangeweza kununua tiketi ya ziara 10 kwa dola 10 kila moja. Mashine ya mazoezi iliyogeuzwa mahali pa kuanikia nguo ni ndugu wa malipo hayo ya kila mwezi.

Hapa ndipo tunapotaka mnunuzi asimame kidogo. Kifaa kilichotumika mara mbili hakikubaki kilivyokuwa kati ya siku ya pili ya matumizi na siku ya tangazo. Mwenye nacho hujuta, huahirisha, halafu hung'ang'ania bei aliyonunulia. Ni tabia ya binadamu: katika majaribio maarufu ya vikombe ya Kahneman, Knetsch na Thaler ya mwaka 1990, waliopewa kikombe walitaka bei kama mara mbili ya ile ambayo wasiokuwa nacho walikuwa tayari kutoa. Miezi inapita, kifaa kiko kabatini, na kukaa bila kutumika nako ni kuchakaa.

Betri za lithiamu ndizo zinazoumia mapema. Seli ya droni ikijaa kwa kawaida huwa na volti 4.2, na ya kuhifadhi hutakiwa iwe karibu 3.8. Ikiachwa ishuke chini ya volti 3 kwa miezi, hupoteza uwezo au hufa kabisa; ikihifadhiwa imejaa pomoni, huzeeka haraka na inaweza kuvimba. Betri iliyovimba isichajiwe, isitobolewe, wala isisafirishwe kwenye kifurushi. Lenzi iliyofungiwa ndani ya begi mahali penye unyevunyevu huota kuvu, na asidi ya kuvu hula utando wa kioo, alama isiyofutika. Tairi za baiskeli zikikaa bila upepo hupasuka ubavuni, na kimiminika cha kuziba matundu kwenye tairi zisizo na mpira wa ndani hukauka ndani ya miezi michache. Grisi ya cherehani hugeuka gundi. Kwa hiyo "mara mbili tu" ni nusu ya habari.

Ukitaka nusu nyingine, usiulize "kwa nini unauza?", maana jibu la swali hilo huwa limeshaandaliwa. Uliza mara ya mwisho kilitumika lini, kilihifadhiwa wapi, na ni jambo gani hasa lililomshinda. Aliyeshindwa kweli hueleza bila kusita: kizito, kina kelele, hakinitoshi. Jambo hilo lichukue kama onyo lako pia, kwa sababu huenda likakushinda na wewe.

Kisha kikague kwa mikono yako. Lenzi: fungua tundu lake lote, mulika tochi kutoka nyuma kwa pembe, tafuta nyuzi kama utando wa buibui. Kihisi cha kamera, kile kinachonasa picha: weka f/16 (tundu la lenzi likiwa dogo), piga ukuta mweupe au anga, kuza picha utafute madoa meusi. Idadi ya mipigo ya shata, pazia linalofunguka na kufunga kila picha inapopigwa, huonekana kwenye baadhi ya modeli, na shata nyingi huundwa kuhimili mipigo laki moja na zaidi, hivyo elfu tatu si kitu. Kumbuka tu kwamba shata ya kielektroniki si lazima iwe imehesabiwa.

Baiskeli huuzwa sana ikiwa mpya kwa kosa moja, saizi. Simama peku, bana kitabu kati ya mapaja, pima kutoka sakafuni hadi juu ya kitabu, zidisha kwa 0.883. Mguu wa sentimita 80 unatoa takriban 70.6, nacho ndicho kimo cha kuanzia kutoka katikati ya ekseli iliyo kwenye fremu, inayozungusha mikono ya pedali, hadi juu ya tandiko. Ikiwa nguzo ya tandiko lazima ivutwe kupita alama yake ya mwisho ili kufika hapo, fremu ni ndogo kwako, hata ingekuwa bei ya kutupa.

Kuhusu wizi na utapeli: omba picha mpya yenye kifaa, namba ya kiwandani, na karatasi yenye tarehe ya leo. Linganisha namba hiyo na ya kwenye boksi na risiti. Kutaneni mahali penye watu, na usitume arubuni kwa kifaa ambacho hujakigusa. Muuzaji naye ajue kwamba kupokea malipo hakuhitaji namba yake ya siri. Anayetuma kiungo cha "kuthibitisha malipo" anataka kuingia kwenye akaunti.

Anayetaka kununua kipya aazime au akodi kwanza, angalau mara tatu, ikiwemo siku moja ambayo hajisikii. Halafu apige hesabu ya kila tumizi: ukinunua kwa 100, ukauza kwa 60 baada ya kutumia mara 4, kila mara imekula 10. Mali bila daftari huisha bila habari. Na kwenye 100 hiyo ziongezwe begi, betri ya akiba, kadi, matengenezo na masomo, kwa sababu wengi huishia hapo, kamera ikiwa mkononi na fedha ya lenzi inayofaa ikiwa haipo.

Wewe unayeuza, uza mapema, kabla modeli mpya haijatoka na kabla betri haijafa. Taja mkwaruzo, upige picha kwa karibu. Na kabla ya kukabidhi saa ya mazoezi au droni, ingia kwenye programu yake ukiondoe kifaa kwenye akaunti yako, kisha ukirudishe kwenye hali ya kiwandani mbele ya mnunuzi. Zipo modeli ambazo zisipoachiliwa hivyo hazikubali mmiliki mwingine, na ramani ya njia unazokimbia kila asubuhi, ikianzia mlangoni kwako, itabaki ndani yake.