Mwanangu, nipishe hapo dirishani

Kijana alikuwa amekwisha kaa kiti 4A ndani ya ndege, kamera mapajani. Tulikuwa tunatoka Dar kwenda Nairobi, na wanaoijua njia hii hugombea dirisha la kushoto, maana anga likiwa jeupe Kilimanjaro huonekana upande huo. Akaja mama mmoja mwenye kiti cha mstari wa mwisho, ubavuni mwa choo. "Mwanangu, nipishe hapo nikae na mdogo wangu." Kijana akampa shikamoo, akabeba begi lake, akaenda nyuma. Mlima ulipotokea, yeye alikuwa anatazama mlango wa choo.

Nimehudumia abiria angani miaka 11, na hili naliona kila wiki. Kwetu huwa gumu kwa sababu mkubwa akiomba, mdogo hana mdomo wa kukataa. Ndiyo maana mzigo wote namtwisha mwombaji: njoo na kiti kilicho sawa na unachokitaka, au kizuri zaidi. Yule mama angemwita mdogo wake nyuma, na jirani wa kule chooni angehamia mbele huku anashukuru. Ukiombwa wewe, "Samahani mama, kiti hiki nilikichagua mapema" inatosha. Usijitungie ugonjwa. Nimewahi kumshughulikia mgonjwa wa aina hiyo mpaka rubani akaarifiwa.

Kuna wakati mnakubaliana wenyewe vizuri tu, halafu sisi tunakataa. Msituone wanoko. Kwenye ndege za viti vitatu vitatu, juu ya kila viti vitatu kwa kawaida kuna barakoa 4 za oksijeni: 3 za wenye viti, 1 ya ziada kwa mtoto anayepakatwa. Kina mama wawili wenye vichanga wakitaka kukaa pamoja wapige soga, na kiti cha tatu kina mtu, hizo ni roho 5 kwa barakoa 4. Hapo namhamisha mmoja, hata akininunia hadi tunatua. Kiti cha mlango wa dharura nacho hakigawiwi kiholela. Mtoto, mjamzito au asiyeweza kuufungua mlango ule hakai hapo. Na ndege ndogo ikiwa nusu tupu, watu wakijihamishia nyuma wote, mizani yake inabadilika. Subirini tupae, taa ya mkanda izimwe, kisha mniulize. Kwenye vile videge vya kwenda Unguja ndiyo kabisa: mnapangwa kwa uzito, hakuna cha kuombana.

Mkishabadilishana, niambieni. Chakula maalumu kimeandikiwa namba ya kiti, na nimeshampelekea mtu asiyekula nyama kuku wa mwenzake.

Na wewe kijana wa 4A, ukirudi Dar mlima unakuwa kulia. Akija mtu, bonyeza kengele. Nitakuja kukataa mimi.