Kinywa baada ya kupandikizwa seli shina: vidonda vya mwanzo na madhara ya miaka mingi

Mgonjwa anayeandaliwa kupandikizwa seli shina, yaani seli zinazozalisha chembe za damu, huelezwa mengi kuhusu damu yake, dawa atakazopewa na muda atakaolazwa. Kuhusu kinywa, mara nyingi huambiwa tu kwamba vidonda vitatoka, vitauma, halafu vitapona. Ni kweli, ila hiyo ni nusu ya habari. Nusu nyingine huanza miezi kadhaa baadaye, majibu ya damu yakiwa mazuri, mgonjwa amesharudi nyumbani, na hakuna tena anayemwambia afungue kinywa atazamwe. Hapo ndipo meno mengi yanapopotea, na wakati mwingine saratani mpya huonekana ikiwa imeshachelewa.

Tuanze na vidonda vyenyewe. Kabla ya seli shina kuingizwa mwilini, mgonjwa hupewa tibakemikali kali, pengine pamoja na mionzi ya mwili mzima. Matibabu hayo hushambulia seli zote zinazogawanyika haraka. Ngozi laini ya ndani ya kinywa hujijenga upya kila baada ya wiki moja au mbili, kwa hiyo huumia kwa sababu ileile inayofanya nywele zinyonyoke. Wekundu na uchungu huanza kujitokeza ndani ya wiki moja hivi, vidonda hufikia kilele katika wiki ya pili, kisha hupungua kadiri chembe nyeupe za damu zinavyopanda. Shirika la Afya Duniani lina kipimo cha daraja 0 hadi 4. Mgonjwa wa daraja la 2 ana vidonda lakini bado anakula chakula kigumu, wa daraja la 3 anaweza vya majimaji tu, na wa daraja la 4 hawezi kula kwa kinywa kabisa.

Maumivu ya daraja hizo mbili za juu yanastahili dawa kali, mofini ikiwemo. Wapo wagonjwa wanaojikaza wakidhani kulalamika ni kuwasumbua wauguzi. Nawasihi wasijikaze. Anayeumia hapigi mswaki wala hasukutui, na bakteria wa kinywa kisichosafishwa hupenya kwenye vidonda na kuingia katika damu wakati kinga iko chini kabisa. Mswaki uwe laini sana, na maji ya kusukutulia yawe ya chumvi kidogo au magadi ya kuokea, yasiwe na alkoholi. Kama chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, zimeshuka mno na fizi zinatoka damu zenyewe, timu ya matibabu itaelekeza namna nyingine ya kusafisha.

Ipo kinga moja rahisi ambayo ningependa kila anayepewa melfalani, mojawapo ya dawa za tibakemikali, aiulizie: vipande vya barafu. Mgonjwa huvimung'unya tangu muda mfupi kabla ya dawa kuanza kuingia hadi baada ya kuisha. Ubaridi hubana mishipa midogo ya kinywa, hivyo dawa inayofika pale ni kidogo. Melfalani hutoka katika damu upesi, ndiyo maana njia hii inafaa kwake, lakini haisaidii kwa dawa zinazokaa mwilini muda mrefu. Baadhi ya vituo hutumia pia mwanga wa leza ya nguvu ndogo kupunguza ukali wa vidonda.

Si kila kidonda cha siku hizo kinatokana na dawa. Virusi vya hapesi, ambavyo wengi wetu tunavyo tangu utotoni vikiwa vimelala, huamka kinga ikishuka, na ndiyo sababu wagonjwa hupewa asaikloviri ya kujikinga. Fangasi nao hupata nafasi. Jino lililooza bila kuuma linaweza kugeuka chanzo cha maambukizi ya damu. Hivyo mgonjwa apite kwa daktari wa kinywa na meno mapema: jino la kung'olewa ling'olewe angalau siku 10 hadi 14 kabla ya tibakemikali, ili pengo lianze kufunga.

Sasa nusu ile ya pili. Aliyepandikizwa seli zake mwenyewe hana haja ya kuhofia hili linalofuata, ila aliyepokea seli za mtu mwingine anapaswa kulijua vizuri. Kinga mpya inayotokana na mchangiaji inaweza kuuona mwili wa mpokeaji kuwa mgeni na kuushambulia. Hali hiyo ikiwa sugu, kinywa ni miongoni mwa sehemu zinazoguswa mara nyingi zaidi, na huweza kuanza mgonjwa akiwa ameshasahau habari za vidonda.

Dalili zake hazifanani na zile za mwanzo. Ndani ya mashavu na kwenye ulimi hutokea mistari myeupe iliyosukana, pembeni yake pakiwa pekundu, na pengine vidonda vipana vyenye utando wa manjano. Pilipili na vitu vichachu huunguza, na hata dawa ya meno yenye mnanaa haivumiliki. Wengine huona vilengelenge vidogo kwenye kaakaa wakati wa kula, ambavyo hupasuka vyenyewe. Weupe huu mara nyingi hudhaniwa kuwa fangasi, mgonjwa akatibiwa fangasi wiki nenda wiki rudi bila nafuu. Utando mweupe wa fangasi kwa kawaida hubanduka ukifutwa kwa kitambaa, lakini mistari hii haibanduki. Mambo yote mawili yanaweza pia kuwepo pamoja, kwa sababu tiba ya kwanza ya hali hii ni maji ya kusukutulia yenye deksamethasoni, dawa ya steroidi inayotuliza kinga, na dawa za jamii hiyo huwapa fangasi nguvu. Maji hayo hukaa kinywani dakika kadhaa kisha hutemwa, na mgonjwa asile wala asinywe kwa muda baada yake. Anayeyatema baada ya sekunde chache hapati faida yake. Dawa ya meno ibadilishwe iwe isiyo na mnanaa, lakini yenye floraidi.

Mashambulizi hayo hayaishii kwenye ngozi ya kinywa, kwani tezi za mate nazo hukauka. Mionzi ya mwili mzima huweza kuziumiza pia, kwa hiyo hata aliyepandikizwa seli zake mwenyewe ajichunguze. Mate huzimua asidi na kurudisha madini kwenye jino. Yakipungua, meno huoza kwa kasi, kuanzia shingoni karibu na fizi, hata meno ya mbele ya chini ambayo kwa kawaida ni ya mwisho kuoza. Kunywa soda au juisi kidogo kidogo ili kulowesha kinywa ni kuyamaliza meno. Maji matupu yanatosha. Baadhi ya dawa za fangasi za maji au za kumung'unya zina sukari, jambo ambalo hata sisi wataalamu tunalisahau. Kwa mtu wa namna hii dawa ya meno ya kawaida ni dhaifu. Aandikiwe yenye floraidi 5000 katika sehemu milioni, ilhali nyingi za madukani zina kati ya 1000 na 1500.

Hatari ya saratani ya kinywa huongezeka baada ya upandikizaji, hasa kwa mwenye hali sugu niliyoieleza, na zaidi sana kwa aliyezaliwa na anemia ya Fanconi, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha uboho. Kwa mtu mwingine yeyote tunasema kidonda kisichopona ndani ya wiki mbili kipimwe. Kwa mgonjwa mwenye vidonda vya miezi kanuni hiyo pekee haitoshi. Atafute kile kinachobadilika kuliko vingine: kilichokuwa kigumu kikiguswa, kinachotoka damu, kilichovimba, kilicho upande mmoja tu. Hicho kikatwe kipande kikachunguzwe. Kinywa kitazamwe angalau kila miezi 6, maisha yote, na tumbaku iachwe kabisa.

Waliopata dawa za kuimarisha mifupa, kama wengi wenye mayeloma (saratani ya uboho), wasing'olewe jino kabla daktari wa meno hajajua hilo, kwani mfupa wa taya unaweza kufa na kubaki wazi.

Watoto wana habari yao. Aliyepandikizwa akiwa mdogo, hasa kabla ya miaka 5, meno yake ya kudumu yalikuwa bado yanajengwa ndani ya taya. Mengine hayatoki kabisa, mengine huwa madogo au yenye mizizi mifupi. Picha ya eksirei ya taya huonyesha mapema, na daktari atakayetaka kumpangia meno kwa nyaya lazima aione, kwa sababu mzizi mfupi ukivutwa kwa nguvu hulegea. Mzazi ahifadhi barua inayotaja tarehe ya upandikizaji, aina yake na dawa zilizotumika, na aionyeshe kwa kila daktari wa meno, hata mtoto akiwa ameshakuwa mtu mzima.