Bamia haisubiri Jumamosi

Kila mwaka ikifika Januari napata malalamiko yaleyale kutoka kwa watu wenye bustani za nyumbani hapa Dar es Salaam: mboga ziliota vizuri, zikaanza kuzaa, kisha zikakata ghafla. Wengine wanasema udongo umechoka. Wengine wameshaamua kwamba muuza mbegu aliwapiga. Nikifika Bunju au Chanika na kutazama matuta, mara nyingi naona kitu kingine: bamia ngumu zimening'inia, mchicha umetoa maua, bilinganya zimepauka. Hakuna aliyevuna tangu wiki iliyopita, na mmea ukishapata mbegu zilizokomaa hauna haja ya kuendelea kuhangaika kuzaa.

Kilichosiwa na mvua za vuli huja kuvunwa kwenye kaskazi, mchana joto likipanda hadi nyuzi 32 na zaidi, usiku nao haupoi kiasi cha kusema umepoa. Kwenye joto hilo kila kitu hukimbia. Tunda ambalo kipupwe lingekuvumilia siku mbili tatu, sasa halikupi hata moja. Kwa mtu anayetoka kazini saa mbili usiku na kuikumbuka bustani Jumamosi, hapo ndipo mavuno yanapopotelea.

Tuanze na bamia, maana ndiyo yenye haraka kuliko zote. Ua la mbamia, lile la njano lenye kiini cha zambarau, hufunguka asubuhi na kunyauka siku hiyohiyo. Kuanzia hapo hesabu siku nne hadi sita tu, bamia iko tayari, urefu wa sentimita 7 hadi 10. Usitegemee urefu peke yake, kwa sababu aina zinatofautiana. Shika ncha uivunje: ikikatika kwa mlio, bado laini, ikipinda na kugoma kukatika, nyuzi zimeshaingia, na hata uichemshe hadi gesi iishe utakuwa unatafuna kamba. Kwa hiyo bamia huvunwa kila baada ya siku mbili, wakati mwingine kila siku.

Zile zilizokupita na kukomaa zikate vilevile, hata kama zinaishia kwenye mboji. Mtu huziona hazifai akaziacha pale juu, akidhani hazina madhara, kumbe ndizo zinazonyonya chakula chote ambacho majani yanatengeneza. Ukiziondoa, mmea unarudi kutoa maua. Tumia kisu au mkasi, kwa sababu ukivuta kwa mkono unabandua ganda la shina na kuyafungulia magonjwa mlango. Vaa shati la mikono mirefu pia, vile vinyweleo vinawasha.

Jambo jingine kuhusu bamia ambalo wauzaji wa dawa hawalisemi kwa sauti: kila dawa ya wadudu ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, zimeandikwa kwenye kibandiko. Zikiwa siku saba, na bamia inavunwa kila baada ya siku mbili, maana yake ukipulizia leo mavuno matatu hivi yanaenda mboji. Kwa matuta manne nyuma ya nyumba, mimi huwaambia watu wawaokote viwavi kwa mkono asubuhi na wawaoshe vidukari kwa maji ya sabuni. Ni kazi ya dakika chache, na mboga unaila jioni bila wasiwasi.

Mchicha nao una habari yake. Wakulima wa mabondeni husia mbegu nyingi kwa kubanana na kung'oa wiki ya tatu au ya nne, mizizi na yote, kwa sababu wanauza kwa fungu na tuta linatakiwa liwe wazi kwa zao linalofuata. Wewe wa nyumbani huna sababu ya kuwaiga. Panda kwa nafasi, mmea ukifika urefu wa kati ya goti na nyonga kata shina, ukiacha kisiki cha sentimita 15 hivi chenye macho ya majani. Kila jicho litatoa chipukizi. Mwagilia siku hiyohiyo, weka samadi iliyooza, na baada ya wiki moja na nusu au mbili unakata tena. Mchicha hupenda jua hili kuliko sisi: hujitengenezea chakula kwa njia ileile ya mahindi na mtama, njia inayofanya kazi vizuri kwenye joto kali. Mgagani pia uko kundi hilo. Chainizi na sukuma wiki hazimo, ndiyo maana kwenye kaskazi ya Pwani zinadumaa na kuingia ukali, na mimi sishauri mtu ahangaike nazo kabla ya Juni.

Kinachoukatisha mchicha mapema ni kiu. Ukikosa maji siku kadhaa unakimbilia kutoa maua, majani yanakuwa madogo na ladha inapungua. Ukiona kishungi cha maua kinachomoza, kikate hapohapo. Matembele ni yaleyale, kata ncha changa. Majani ya maboga uamue mwenyewe unataka majani au maboga. Ukichuma ncha za kila tawi, usilaumu mmea kukunyima matunda.

Bilinganya inakuambia kwa ngozi. Iking'aa, vuna. Ikianza kupauka, mbegu ndani zimeshakuwa kahawia na nyama imeingia uchungu. Nyanya chungu, hasa aina ya Tengeru White inayopendwa sana, huvunwa ikiwa na rangi ya krimu, ngozi bado nyororo. Ikigeuka njano kuelekea wekundu ngozi inakuwa ngumu na uchungu unazidi. Wapo wanaoipenda hivyo, sigombani nao.

Nyanya ndiyo yenye matatizo halisi kwenye joto. Usiku ukibaki na nyuzi 24 na kuendelea, chavua hudhoofika na maua hudondoka bila kushika tunda, na hapo hakuna mbolea itakayokusaidia zaidi ya kivuli chepesi, matandazo na maji yasiyokatizwa. Yale matunda yaliyoshika nayo hayapati rangi yake. Joto likizidi nyuzi 30, ule wekundu wa nyanya hautengenezwi vizuri, tunda linabaki la chungwa au lenye mabega ya njano hata likiwa limeiva. Watu husubiri liwe jekundu kwenye mti, wakati huo linababuka na jua, ndege wanalidonoa, kantangaze, yule kiwavi wa nyanya, anatoboa.

Dawa yake ni rahisi: vuna nyanya mara inapoanza kuonyesha wekundu kidogo kwenye kitako. Ikifika hapo imeshajitosheleza, haihitaji tena mti. Ipange ndani, mahali penye hewa na pasipo jua, kikonyo kikiangalia chini, itaiva na kupata rangi nzuri kuliko ingebaki nje. Usiiweke kwenye friji kabla haijaiva, baridi inaua ladha na kuifanya iwe unga unga. Na zile zilizotobolewa na kantangaze, mdudu huyu aliyeingia nchini mwaka 2014 na kuwatangaza wakulima kweli, usiziache chini ya mmea. Ziweke kwenye kiroba chenye nailoni ndani, funga, kiache juani siku kadhaa. Ukizitupa pembeni tu, unamlea.

Saa ya kuvuna ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mwagilia jioni, vuna alfajiri kabla jua halijapiga majani. Usiku mmea umejaza maji, jani limekakamaa na limepoa. Mchicha uliokatwa saa saba mchana umeshapoteza maji na una joto ndani yake, na mboga ikiwa na joto inapumua haraka, inajila yenyewe. Ikishakatwa iweke kivulini, ifunike kwa kanga kuukuu iliyoloweshwa na kukamuliwa. Usiioshe mpaka unapotaka kupika.

Wengi wameniuliza kuhusu ile mitungi miwili ya kuhifadhia mboga, mmoja ndani ya mwingine na mchanga mbichi katikati, iliyompatia Mnigeria Mohammed Bah Abba tuzo ya Rolex mwaka 2000. Mitungi ile hupoza kwa maji kugeuka mvuke, na hilo linahitaji hewa kavu. Dodoma utaifurahia. Dar, kwa unyevu huu wa bahari, inapoza kidogo sana, afadhali hela ya mitungi ukanunue mbegu.

Mavuno yakizidi, gawia majirani kwanza. Yanayobaki kausha, kama Wasukuma wanavyofanya nsansa kwa majani ya kunde. Yatie kwenye maji yanayochemka kwa muda mfupi, yachuje, uyatandaze membamba juu ya wavu, kivulini penye upepo. Jua la moja kwa moja huyakausha haraka lakini linaharibu kile kirutubisho cha vitamini A ambacho ndicho sababu ya kula majani yale. Yawe yanavunjika mkononi kabla ya kuyafungia kwenye chupa, la sivyo yataota ukungu.

Mbegu za msimu ujao chagua sasa, mimea ikiwa na nguvu. Watu huacha zile bamia za mwisho kabisa, za mmea uliochoka na wenye majani yaliyojikunja, halafu wanashangaa mwaka unaofuata. Tafuta mbamia mmoja uliozaa mapema na usio na ugonjwa, funga uzi kwenye matunda mawili matatu ili mtu wa jikoni asiyakate, yaache yakauke hadi yalie ukiyatikisa. Huo mmoja utapunguza kuzaa, na hiyo ni sawa. Kama pakiti uliyonunua iliandikwa F1, yaani mbegu chotara, usijisumbue: watoto hawatafanana na mama.