Marcuse kabla ya 1968

Akitajwa mwanafalsafa Mjerumani Herbert Marcuse, wengi humwona mzee wa California anayeshangiliwa na vijana wa maandamano ya 1968. Si uongo, ila huko ni kumwanzia mwishoni. Mimi wanafunzi wangu huwarudisha 1932.

Alizaliwa Berlin 1898, akawa askari, akaingia baraza la askari katika mapinduzi ya Ujerumani ya 1918, kisha akakihama chama cha Social Democrats baada ya viongozi wa wanamapinduzi, Rosa Luxemburg na Karl Liebknecht, kuuawa, Januari 1919. Mapinduzi yalikwama. Kwa nini? Umarx wa vyamani, yaani mafundisho ya Karl Marx kama vyama vya wafanyakazi vilivyoyafundisha, uliojaa kanuni za uchumi zinazojiendea zenyewe, haukumjibu. Mwaka 1928 akaenda Freiburg kusoma kwa mwanafalsafa Martin Heidegger, aliyekuwa angalau akimzungumzia binadamu na maisha anayoyaishi.

Ndipo 1932 yakachapishwa maandishi ya Marx ya 1844, yaliyoandikwa Paris. Humo Marx kijana anasema kwamba mfanyakazi, kadiri anavyozalisha mali, ndivyo anavyofukarika, kwa kuwa anachokitengeneza si chake. Tena hata kazi yenyewe si yake: akiwa kazini hajisikii kuwa yeye, hujipata akishatoka. Marcuse aliyahakiki mwaka huohuo, miongoni mwa watu wa kwanza. Alichokifuata kwa Heidegger alikikuta kwa Marx, na sasa kikiwa na kiwanda na mshahara ndani yake.

Mwaka uliofuata Heidegger alijiunga na chama cha Nazi. Marcuse, Myahudi, alikuwa ameshaondoka Ujerumani, na kufikia 1934 alikuwa New York na taasisi ya utafiti wa jamii ya Max Horkheimer. Baada ya vita alimwandikia mwalimu wake kumtaka atamke hadharani kwamba alikosea. Mwaka 1948 Heidegger akajibu kwa kulinganisha mauaji ya Wayahudi na masaibu ya Wajerumani wa mashariki waliofukuzwa makwao. Marcuse akamwambia kwamba kwa sentensi hiyo amejitoa mahali ambapo watu bado wanaweza kuzungumza.

Vitabu vilivyompa umaarufu, cha 1955 kuhusu Freud, mwanzilishi wa uchambuzi wa nafsi, na cha 1964 kuhusu binadamu wa upande mmoja, vinaendeleza swali lilelile la 1919, kwa nini mapinduzi yalikwama, ila sasa kinachomfunga mfanyakazi ni matamanio anayouziwa. Cha 1955 ndicho bora, kwa maoni yangu. Katika kile cha 1964 wafanyakazi wamelainishwa mno na bidhaa, hata huoni nani angeweza kugoma, ilhali miaka minne tu baadaye Ufaransa waligoma kwa mamilioni.