Kiinua mgongo kingine

Mwalimu mmoja alinijia miezi mitano baada ya kustaafu, goti limevimba kidogo, usingizi umemkimbia, na kila akiinuka kitini anashika ukuta. Alikuwa amefundisha hesabu miaka 34. Nikamuuliza siku yake inakwendaje. "Mwanangu, si nimestaafu? Napumzika." Mapumziko yenyewe yalikuwa kiti cha sebuleni, redio, na kwenda dukani mara moja kwa siku.

Ninafanya kazi ya fiziotherapia hapa Morogoro, na kisa hiki nimekiona mara nyingi mno, hata siku hizi mgonjwa wa umri ule namuuliza tarehe ya kustaafu kabla sijaligusa goti. Kazi humpa mtu vitu visivyoandikwa kwenye hati ya mshahara: hatua za kwenda na kurudi, ngazi, jua la asubuhi, salamu za njiani. Siku ya kustaafu vyote hukatika kwa pamoja. Fedha za kiinua mgongo watu huzipangia matumizi hata miaka miwili kabla. Mgongo wenyewe hakuna anayeupangia.

Mwalimu nilimwagiza aende mlimani. Sisi wa mji kasoro bahari tuna bahati hiyo, milima ya Uluguru imeanzia uani kwetu. Sikumtuma afike Morningside, kwenye lile jengo la enzi za Wajerumani. Hiyo ni safari ya wenye mapaja. Nilimwambia apande dakika kumi, kisha ageuke.

Kwa nini mlimani? Sababu kubwa ni ardhi. Sakafu ya vigae haiudai mguu chochote, kila hatua inafanana na iliyotangulia. Njia ya mlimani ina mzizi hapa, jiwe pale, udongo unaodidimia kidogo. Kila ukikanyaga, unyayo unapeleka habari kwenye ubongo, kifundo cha mguu kinajipanga upya, misuli ya nyonga inauzuia mwili usilalie upande. Uwezo huo usipotumika hufifia, na mwenyewe hajui mpaka siku anajikwaa kwenye kizingiti cha bafu na mguu hauwahi kumdaka. Na mzee akivunjika nyonga, wengi hawarudi kutembea kama zamani. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linawashauri wenye miaka 65 na zaidi, juu ya dakika 150 za mazoezi kwa wiki, wafanye siku 3 au zaidi mazoezi ya nguvu na ya kusimama bila kuyumba.

Kushuka nako kuna siri yake. Kupanda humhemesha mtu, kwa hiyo wengi hudhani faida yote iko huko. Wakati wa kushuka misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki: inarefuka huku imekaza. Moyo hauchoki sana, lakini paja limebeba kazi nzito, na ni kazi ile ile ya kukaa kwenye kigoda polepole bila kujitupa. Kesho yake au keshokutwa mapaja yatauma. Huo si ugonjwa, na hupungua kadiri unavyozoea. Mwenye goti bovu aanze na miteremko mifupi na ashike mkongojo kwa mkono wa upande wa pili, si upande wa goti linalouma. Karibu kila mzee anayeingia kwangu ameushika upande usio wake.

Usingizi wa Mwalimu ulirudishwa na jua. Ndani ya jicho kuna seli ambazo kazi yake ni kupima mwanga na kuiarifu saa ya mwili kama ni mchana au usiku. Umri ukisonga, lenzi ya jicho huingia umanjano na kupunguza mwanga wa buluu unaoziamsha seli hizo. Kwa hiyo mzee anahitaji mwanga zaidi kuliko kijana, na ndiye anayeshinda ndani, pazia limeshushwa. Taa ya sebuleni haisaidii: nje, hata kukiwa na mawingu, mwanga huwa mkali mara nyingi kuliko wake. Anayechelewa kupata usingizi namtoa saa moja asubuhi. Anayesinzia mara tu baada ya chakula cha jioni, akaamka saa nane za usiku na kukodolea dari, huyo namtoa saa kumi na moja jioni ili aicheleweshe saa yake.

Kuhusu utulivu wa moyo nasema kwa uangalifu, maana mitandaoni siku hizi mti unatibu kila kitu. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha uchunguzi wa wagonjwa waliopasuliwa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Waliolala kwenye vyumba vinavyotazama miti walitoka mapema na kutumia dawa kali za maumivu kidogo kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Walikuwa 46 tu. Mwaka 2019 utafiti wa watu karibu 20,000 huko Uingereza ulionyesha kuwa waliokaa maeneo ya asili angalau dakika 120 kwa wiki walijieleza kuwa na afya njema na furaha zaidi, iwe kwa mkupuo au kidogo kidogo. Inawezekana pia kwamba wenye afya ndio wenye nguvu za kutoka.

Lakini kwa mstaafu wetu naona kuna zaidi ya miti. Mtu aliyezoea kuamkiwa ofisini, simu yake ikinyamaza, hujiona hayupo. Njia za Uluguru asubuhi zina akina mama wanaoteremka na ndizi kwenda sokoni. "Shikamoo babu." "Marahaba mama, mmeamkaje huko juu?" Salamu kumi kabla ya chai.

Wengine huniambia wana shamba, inatosha. Shamba ni zuri, ila aliyekaa ofisini miaka yote akishika jembe tangu alfajiri hadi saa saba siku ya kwanza, wiki ya pili yuko kwenye kitanda changu cha matibabu. Anza na robo saa ya palizi, kwa jembe la mpini mrefu. Akina mama wastaafu wao hupewa wajukuu. Namwambia bibi atoke nao: mtoto wa miaka minne husimama kwenye kila kisiki, mwendo unaolifaa kabisa goti bovu.

Mwenye kisukari ale kwanza, aweke kitu kitamu mfukoni, na akirudi akague nyayo, kwa sababu ganzi huficha jeraha. Anayemeza dawa za presha asiinuke ghafla baada ya kukaa jiweni. Kandambili zibaki nyumbani.

Masika ilipofanya njia kuwa utelezi nilimkataza Mwalimu kupanda, akawa anazunguka chini ya miembe ya shule aliyoifundisha. Juzi alinipigia simu kuuliza kama udongo umeshakauka vya kutosha.