Kuishika protini kabla haijapotoka

Watu wa Bukavu hawahitaji kuambiwa molekuli moja inaweza kufanya nini. Kwa miaka mingi magome ya mti wa kinkina yameingia Pharmakina, kiwanda cha dawa cha hapa kwetu, na kutoka yakiwa kwinini, dawa ya malaria, na wengi wetu tuko hai kwa sababu yake. Kwa hiyo familia zinapotuletea mzee na kuuliza mbona malaria ina dawa lakini koko anayesahau majina ya wajukuu zake hana, zinastahili jibu kamili.

Magonjwa ya namna hii huanzia kwenye umbo la protini. Kila protini huzaliwa ikiwa mnyororo wa asidi amino, na nyingi haziwezi kufanya kazi mpaka mnyororo huo ujikunje na kupata umbo lake. Mwanakemia Christian Anfinsen alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1972 kwa kuonyesha kwamba maelekezo ya kujikunja yamo ndani ya mnyororo wenyewe. Lakini uzee ukiingia, au jeni ikiwa na kasoro, au seli ikichoka kusafisha mabaki yake, baadhi ya protini hupotoka, hunatana na kujenga nyuzi ngumu ziitwazo amiloidi, na seli za neva huanza kufa. Katika Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, protini hizo ni beta-amiloidi na tau. Katika Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, ni alfa-sinukleini. Protini iliyopotoka huzipotosha pia zile zilizokuwa nzima, na uharibifu ukatambaa kutoka sehemu moja ya ubongo hadi nyingine. Hili lisimtishe anayemhudumia mgonjwa: Alzheimer na Parkinson haziambukizwi kwa kula naye, kumwogesha wala kulala naye chumba kimoja.

Watafiti wanaotafuta dawa huweka protini safi katika visahani vyenye vishimo 96 au 384, kila kishimo na kemikali yake, pamoja na rangi iitwayo thioflavini T ambayo hung'aa inaponasa kwenye nyuzi za amiloidi. Kishimo kisichong'aa kinatia matumaini. Mara nyingi matumaini hayo ni ya uongo, maana kuna kemikali zinazozima mng'ao wa rangi tu huku nyuzi zikiendelea kujijenga. Kurkumini ya manjano ni mojawapo ya kemikali zinazodanganya vipimo namna hiyo. Imesifiwa sana maabara, wala haijathibitika kumsaidia mgonjwa wa Alzheimer.

Hata kemikali inayofaulu kwa kweli katika kisahani bado iko mbali na mgonjwa. Kwinakrini, dawa ya malaria iliyotengenezwa maabara, ilionekana mwaka 2001 kuzuia prioni zisiongezeke ndani ya seli. Prioni ni protini zilizopotoka zinazosababisha ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, ugonjwa wa ubongo unaoua haraka, na Stanley Prusiner alipata Nobel mwaka 1997 kwa kuzigundua. Wagonjwa walipopewa kwinakrini nchini Uingereza, na baadaye Marekani, haikurefusha maisha yao. Kemikali ya chai ya kijani iitwayo EGCG ilijaribiwa kwa wagonjwa wenye ugonjwa unaofanana na Parkinson. Matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba ugonjwa haukupungua kasi, na maini ya baadhi yao yakadhurika. Sisi wa Kivu tunalima chai, tuinywe kwa utamu wake.

Bulu ya metileni, rangi ya buluu inayotumika pia kama dawa, nayo ina historia ndefu. Ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1876, ikajaribiwa kutibu malaria mwaka 1891, na mwaka 1996 ikaonekana kuzuia tau isishikane. Majaribio makubwa ya dawa iliyotokana nayo yalishindwa mwaka 2016. Nasisitiza: asitokee mtu wa kuinunua famasi na kumnywesha mzee. Mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kawaida katika nchi za malaria kama yetu, chembe zake nyekundu za damu zinaweza kupasuka.

Kilichofaulu ni kitu kingine. Ini hutengeneza protini iitwayo transtairetini, inayobeba homoni ya tezi ya shingo na kusaidia kusafirisha vitamini A. Ina vipande vinne vilivyoungana. Vikiachana, hupotoka na kurundikana kwenye neva za miguu au kwenye moyo. Ni kama wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wanaofunga mitumbwi mitatu pamoja kwa fito ndefu: fito zikilegea kila mtumbwi unakwenda njia yake. Mwanakemia Jeffery Kelly na wenzake waliona kwamba katikati ya vile vipande vinne kuna mifuko miwili midogo, wakaunda tafamidisi, molekuli inayoingia humo na kukaza fungo. Ulaya iliiruhusu mwaka 2011 kwa ugonjwa wa neva. Kisha katika jaribio la watu 441 wenye ugonjwa wa moyo, lililodumu miezi 30, walikufa asilimia 29.5 ya waliopewa dawa na asilimia 42.9 ya wasiopewa. Dawa haikusubiri nyuzi zijengeke. Iliishika protini ingali nzima, na mimi naamini njia hiyo ndiyo yenye mustakabali.

Jambo hili linatuhusu. Badiliko la jeni liitwalo V122I, linaloilegeza transtairetini, lipo kwa takribani asilimia 3 hadi 4 ya Wamarekani weusi, na chimbuko lake ni Afrika Magharibi. Inaniuma kwamba bei ya tafamidisi ilipoingia Marekani kwa ajili ya moyo ilikuwa kama dola 225,000 kwa mwaka. Diflunisali, dawa ya zamani ya maumivu na ya bei nafuu, nayo hukaza fungo lile lile, na mwaka 2013 ilionyesha kupunguza kasi ya ugonjwa wa neva, ingawa inaweza kudhuru figo na tumbo.

Kwa nini basi Parkinson haijapata tafamidisi yake? Alfa-sinukleini, ikiwa huru ndani ya seli, haina umbo moja thabiti; inayumba kila wakati, hivyo molekuli haipati mfuko wa kukaa. Kwa Alzheimer kuna lekanemabu, kingamwili inayoondoa amiloidi iliyokwisha kujikusanya. Katika watu 1,795 ilipunguza kasi ya kuzorota kwa asilimia 27 ndani ya miezi 18, nayo inadai dripu za mara kwa mara na picha za MRI, kwa kuwa ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu.

Kwa hapa nyumbani, koko akianza kupotea njia ya sokoni au kusema maneno yasiyoeleweka, msimwite mchawi wala msimfungie. Mleteni apimwe. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo iliyolegea, kaswende, VVU na huzuni nzito huweza kufanana na Alzheimer, na vyote vina matibabu. Mwenye Parkinson naye hupata nafuu kubwa kwa dawa iitwayo levodopa. Mnapokuja, bebeni dawa zote anazomeza, hata za miti, kwa maana baadhi ya dawa za usingizi na za mzio huvuruga kumbukumbu za wazee.